Nafasi ya Jina Moja

Nilikuwa na mwandiko mzuri. Natanguliza hilo kwa sababu ndilo lililonipatia kazi ile, na kwa sababu watu wenye mwandiko mzuri huaminiwa kupita kiasi. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Msambweni, msichana wa miaka ishirini na minne asiye na mume wala haraka ya kumpata, na bendera yetu ilikuwa na miaka miwili tu tangu ipandishwe. Siku zile mtu aliyesoma kufikia nilipofika mimi alidhani nchi nzima inamngojea yeye. Nami nilidhani hivyo, na kichwa kilikuwa kimevimba.

Likizo ndefu ilipoingia, wakaja wataalamu watatu wa chuo kikuu, wakapanga nyumba mjini kwetu. Mmoja alikuwa mtu wa siasa, mwingine mtu wa uchumi, na wa tatu alikuwa mwanamke aliyesomea mambo ya jamii. Walikuja pamoja ili wajifunze kwa pamoja namna watu wanavyoishi katika uhuru mpya: nani anawatawala, wanakula nini na kinatoka wapi, nani ana udugu na nani. Mimi nilistaajabu kwamba walihitajika wasomi watatu kuuliza mambo ambayo mama yangu huyamaliza kisimani kwa asubuhi moja. Lakini walitaka walimu wachache wa kuwatafsiria na kuwajazia fomu, na mwalimu mkuu wangu akanitaja.

Wiki nzima ya kwanza waligombana mezani. Yule wa siasa alitaka kujua ni nani akisema husikilizwa. Wa uchumi alitaka kujua shamba linatoa nini. Wa jamii alitaka kujua nani kaolewa wapi na watoto ni wa ukoo gani. Kila mmoja aliamini kwamba swali lake ndilo mama wa maswali yote, na mimi nilikaa pembeni nikimimina chai. Mwishowe ikatoka fomu moja yenye kitu cha kila mmoja wao, kama pilau iliyopikwa na wapishi watatu. Katikati ya ukurasa wa kwanza palikuwa na mstari ulioandikwa kwa Kiingereza: mwenye shamba. Mbele yake, nafasi ya jina moja.

Yule mwanamke aliukataa mstari huo. Alisema hajui bado kama huku kwetu shamba lina mwenyewe mmoja. Mwenzake wa uchumi akamjibu kwamba fomu ambayo huwezi kuijumlisha ni umbea tu. Wakazozana mpaka chai ikapoa, kisha wakakubaliana: jina litakuwa moja, litaandikwa kwa wino, hakuna kufutafuta. Naye mwanamke akapewa lake moja: kila nyumba itaachiwa nakala iliyopigwa kwa karatasi ya kaboni, ili watu wajue wameandikwa nini. Niliona hiyo ni haki kabisa. Hata leo nasema nia ilikuwa njema.

Yule wa siasa alinivuta kando, akaniambia kwamba nikifanya kazi vizuri ataniandikia barua ya kunipendekeza chuoni. Yako mambo machache sana niliyoyataka maishani kama nilivyoitaka barua ile.

Fomu zangu za mwanzo zilikuwa vurugu tupu. Nilijaza pembeni, nikajaza juu, nikachora mishale, kwa sababu mstari ule haukutosha. Huku kwetu ardhi na mti si kitu kimoja. Ardhi ni ya ukoo na hufuata upande wa mama, hivyo mwanamume akifa ardhi yake huangaliwa na mpwa wake, mtoto wa dada yake. Lakini mnazi ni wa aliyeupanda, na baada yake ni wa wanawe, hata ukiwa umesimama katika udongo wa mtu mwingine. Shamba moja laweza kuwa na mwenye udongo, mwenye minazi na mwenye mikorosho, na wote watatu wakasalimiana vizuri kila asubuhi. Hayo niliyajua kabla sijajua a, e, i, o, u. Basi nikayaandika yote. Mtu wa uchumi akanirudishia fomu zangu mbele ya wenzangu, moja baada ya nyingine, akasema, "Mwalimu, sikukutuma uniletee hadithi." Nilienda chooni nikalia. Nilipotoka nilikuwa nimekata kauli kwamba sitarudishiwa fomu tena.

Siku ya tatu baada ya hapo nilipelekwa Munje. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya bibi mmoja mjane ambaye alikuwa shoga wa marehemu bibi yangu mzaa mama. Aliishi katika nyumba ya makuti katikati ya minazi ambayo yeye na mumewe waliipanda kwa mikono yao. Mtoto wake alikuwa mmoja tu, binti aliyeolewa Mkongani. Ardhi, kwa desturi niliyoieleza, ilikuwa chini ya mpwa wa marehemu mumewe, fundi cherehani aliyekaa nyumba ya pili. Huyo fundi hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyemwezekea bibi paa, na kila Idi alimshonea kanzu ya kike bila kuambiwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae. Mama hajambo? Na baba? Na hao wazungu wenu weusi hawajambo?"

Nilicheka, kwa maana wawili kati ya wale watatu walikuwa Waafrika kama sisi, wa bara. Akaniletea dafu. Nikatoa fomu, nikaanza kuuliza: watu wangapi nyumbani, wanasali wapi, wakiwa na shauri humwendea nani. Alijibu yote kwa furaha, maana hapakuwahi kuja mtu kumuuliza chochote. Tulipokaribia mstari ule, yule fundi akapita kutusalimu, akaketi kizingitini.

"Mwenye shamba hili ni nani, bibi?" nikauliza.

Mwanamke wa pwani aliyefunzwa adabu hasemi "ni langu" na mwanamume wa mji ameketi mbele yake. Bibi akamtazama fundi, akatabasamu.

"Mwenyewe si huyu hapa? Mwandike yeye. Ndiye mkubwa wetu."

"Aa, mama nawe," fundi akasema kwa haya, akivuta kofia yake usoni.

Ilikuwa adabu tu. Mgeni akiambiwa hapa ni kwako, haendi kuleta kitanda chake. Mimi mtoto wa pwani nilijua, na fundi alijua, na hata kuku waliokuwa wakiparura uani nadhani walijua. Lakini lilikuwa jina moja, na lilitosha katika nafasi yake. Nikaliandika kwa wino, herufi ya kwanza nikaipamba.

Fundi akaaga akarudi kwenye cherehani yake. Bibi akasogeza mkeka karibu yangu.

"Sasa nisikilize nikwambie vizuri," akasema. "Udongo ni wa ukoo wao, huo sina neno nao. Lakini minazi hii yote uionayo, kutoka hapa hata kwenye ule ua wa matumbawe, nimeipanda mie na marehemu. Hata huyo fundi ajua, alikuwa akitushikia miche. Hiyo ni yangu, na nikifa ni ya mwanangu wa Mkongani. Andika na hilo."

"Nimesikia, bibi."

Nilisikia, ndiyo. Ila sikuandika. Wino ulikuwa umeshakauka. Ili niandike ukweli ilinipasa niichane fomu ile, nianze nyingine, nijaze pembeni, kisha nirudi jioni nikasimame tena mbele ya yule bwana na wenzangu wananitazama. Mkobani nilikuwa na fomu safi za kutosha. Nimejaribu kwa miaka mingi kutafuta sababu nyingine iliyo kubwa kidogo, sababu ambayo mtu anaweza kuisema bila kuinamisha uso, na sijaipata. Nilikwepa kukaripiwa.

Nikatoa kikopo cha wino wa dole gumba. Bibi akacheka, akasema mkono wake si wa kuchovywa kama wa mtoto. Akachukua kalamu yangu na kuandika jina lake kwa herufi za Kiarabu, taratibu, kutoka kulia kwenda kushoto. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu. Herufi hizo nyingine, za fomu, hakuzijua.

"Umeandika yote?" akauliza.

"Yote, bibi," nikasema.

Akaipokea nakala yake kwa mikono miwili. Akasema atampa fundi amwekee, kwa kuwa fundi ana kasha lenye kufuli. Mimi nikaona ni wazo zuri, na nilipoondoka alinifungia nazi mbili nimpelekee mama.

Jioni ile mtu wa uchumi aliishika fomu yangu juu, akawaonyesha wenzangu kwamba hivi ndivyo kazi inavyofanywa. Niliona fahari. Sitaki kusema kwamba nililala nikijuta, kwa sababu sikujuta. Nilikula vizuri nikalala vizuri. Barua ikaandikwa, na mwaka uliofuata nikaenda chuo kikuu, msichana wa kwanza kutoka mji wetu. Baba alichinja mbuzi.

Majuto yalikuja kwa miguu, taratibu. Darasani kwetu tulifundishwa namna ya kuuliza watu maswali, na kila mkufunzi alipotaja fomu, niliyaona macho ya bibi yakifuata kalamu yangu. Nikajipoza kwa kusema kwamba ni karatasi tu, imo ndani ya sanduku fulani, haina miguu wala mdomo. Sikuifikiria nakala.

Niliporudi likizo mwaka wa tatu, nikakuta habari za ardhi zimechemka. Diani na Galu walikuwa wameanza kufika watu wanaotaka viwanja vya kujenga mahoteli, na uvumi ulikuwa umeteremka pwani yote mpaka Munje. Wapimaji wakaja na minyororo yao, na ikaundwa kamati ya wazee wa kusikiliza nani ni mwenye nini. Baba yangu alikuwa mmoja wa wajumbe. Kamati ilikaa shuleni, katika lile darasa nililokuwa nikifundisha. Wazee walikaa kwenye madawati ya watoto wa darasa la pili, magoti yamewafika kifuani, na hakuna aliyethubutu kucheka.

Siku moja kijana aliyetumwa na kamati alikuja nyumbani akasema naitwa. Nilipoingia darasani nikamwona bibi amekaa upande wa wanawake, buibui lake limepigwa pasi. Upande wa pili alikaa fundi, anatazama viatu vyake. Mezani mbele ya mwenyekiti ilikuwa nakala ile, imekunjwa mara nne na kukunjuliwa, wino wa kaboni bado wasomeka vizuri. Nikaelewa yote kabla sijaambiwa neno. Fundi alikuwa ameomba shamba zima liandikwe kwa jina lake, udongo na vilivyomo, na alikuwa ameleta karatasi. Bibi alikuwa amewaambia wazee, "Mwandishi yupo. Mwiteni mwalimu, nilimwambia yote kwa kinywa changu." Kisha akatulia kuningojea.

Alipoiona sura yangu alitabasamu. Nilikuwa shahidi wake.

"Mwandiko huu ni wako?" mwenyekiti akaniuliza.

"Ni wangu."

"Na sahihi hii ni ya mama huyu?"

"Ni yake."

"Alipoulizwa mwenye shamba, alimtaja huyu bwana?"

"Alimtaja."

Kila jibu lilikuwa kweli. Mwenyekiti alikuwa mtu mwadilifu, na nadhani alinusa jambo, kwa sababu aliikunja karatasi, akanitazama vizuri.

"Je, kuna jingine alilokwambia siku hiyo, ambalo halimo humu?"

Hapo ndipo palipokuwa mahali pangu pa kusema. Maneno nilikuwa nayo mdomoni. Nikamtazama baba. Alikuwa amenyoosha mgongo katika dawati lile dogo, kifua mbele, anawatazama wenzake kama mtu anayesema huyo ndiye binti yangu mnayemsikia. Nikaona namna uso ule utakavyoporomoka nikisema kwamba niliandika uongo, kwamba chuoni nilipelekwa na uongo huo, kwamba mbuzi wake alichinjiwa uongo.

"Ni kama ilivyoandikwa," nikasema.

Bibi hakupiga kelele wala hakuniapiza. Alinitazama kwa mshangao kidogo, halafu uso wake ukalainika, akawageukia wazee.

"Huenda mwalimu amesahau," akasema. "Ni siku nyingi, na ana masomo mengi kichwani."

Alinifungulia mlango. Ningeweza kusema, naam, nilisahau, sasa nimekumbuka. Uso wa baba ungepona na minazi ingepona. Mpaka leo siwezi kueleza kwa nini sikupita mlangoni pale. Nilijiinamia na kusema asanteni, nikatoka nje, na nikatembea mpaka nyumbani bila kumsalimu mtu.

Fundi aliandikiwa shamba na vilivyomo. Nilisikia kwamba alimwambia bibi aendelee kukaa na kula nazi zake kama zamani, na naamini alimaanisha. Lakini ardhi yenye karatasi huwaita wanunuzi, na haukupita mwaka akaja mtu kutoka mbali akainunua yote. Huyo alitaka kiwanja cheupe. Minazi ikakatwa, na bibi akachukuliwa na binti yake, akahamia Mkongani.

Nilikuwa nimeanza kufundisha chuoni kama msaidizi. Nilipowatuma wanafunzi vijijini niliwaamuru waache nafasi pana pembeni mwa fomu, na wasitoke katika nyumba ya mtu kabla ya kumsomea yote waliyoyaandika. Walidhani hiyo ni mbinu ya kitaalamu, wakaisifu. Mara mbili nilifunga safari ya kwenda Mkongani kumwangukia bibi miguuni. Mara zote mbili nilifika Kwale, nikanywa chai, nikapanda gari la kurudi. Mara ya kwanza nilijiambia mvua inakuja. Mara ya pili sikujiambia kitu.

Kisha bibi akafa. Habari zilinikuta niko nyumbani, na mama akasema tutakwenda, kwa sababu shoga wa mama yake ni mama yake. Tulifika Mkongani wanaume wakiwa wameshatoka na jeneza. Wanawake walikuwa wamejaa chumbani mikekani, wengine wanasoma, wengine wamenyamaza. Nilitafuta pembe ya mwisho nikaketi nyuma ya watu.

Kwetu mtu akifa, jamaa zake humwombea radhi kwa wale aliokuwa na jambo nao, ili aende akiwa mwepesi. Binti yake alianza kuzunguka mle chumbani, akiinama kwa huyu na kwa yule. Jirani mmoja aliombwa radhi kwa maneno makali yaliyowahi kutamkwa kisimani. Mwingine kwa kuku aliyepigwa jiwe. Kila mmoja alijibu, na wengine wakaitikia dua.

Halafu akaja mpaka kwenye pembe yangu, akapiga magoti.

"Mwalimu," akasema, "mama ameacha wasia juu yako. Alisema alikuita mbele ya wanaume bila kukuuliza kwanza kama wakumbuka, akakutia aibuni, nawe ulikuwa mtoto wa watu uliyekuja nyumbani kwake kwa heshima. Jambo hilo lilimkera mpaka mwisho. Aliniusia nikuombe umsamehe."

Wanawake wote walinigeukia kungojea lile neno moja linalosemwa. Nilifungua mdomo, na nilikuwa nataka kusema ukweli, wallahi nilikuwa nataka. Nilichelewa mpaka mama akanigusa kwa kiwiko.

"Nimemsamehe," nikasema.

Binti yake alinishika mkono, akaubusu, akanishukuru.